Vikundi vya wananchi visigeuzwe matawi ya ofisi

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa rasmi tarehe 19 Juni 2025, watu wa Usagara na wote wapitao njia panda hii walishusha pumzi. Foleni za kungoja pantoni, zilizowatesa wagonjwa na wafanyabiashara kwa miaka mingi, zimekwisha. Ni kazi kubwa ya Taifa, na anayeibeza hana shukrani. Lakini Ziwa letu lina wananchi wengi ambao hakuna daraja litakalowafikia upesi: ndugu zetu wa Ukara na Irugwa, wa Kome na Maisome, na wa visiwa vidogo ambavyo mtumishi wa Serikali hufika mara moja akasimuliwa mwaka mzima kuwa alifika. Hao wanategemea kivuko, mtumbwi, na mashauriano yao wenyewe. Ni juu ya hayo mashauriano tunapenda kusema leo.

Siku hizi hakuna hotuba inayomalizika bila kutaja ushirikishwaji wa wananchi. Neno ni zuri. Maana yake ndiyo inayopotoshwa. Katika vinywa vya baadhi ya watendaji, kumshirikisha mwananchi ni kumwita aje kusikiliza yaliyokwisha kuamuliwa, au aje na jembe na ndoo ya mchanga. Kikundi kinaundwa kwa waraka, kinapewa jina, kinapigwa picha, kisha kinakabidhiwa kazi ambazo ofisi haikutaka kuzifanya yenyewe. Sisi tunadhani kikundi cha wananchi kina vipimo viwili tu vya kukitambua: nani anaweza kulifungua daftari la fedha zake, na nani anaweza kumwondoa kiongozi wake. Jibu la maswali hayo likiwa ni "ofisi", hicho si kikundi cha wananchi. Ni tawi la ofisi lisilolipwa mshahara.

Kanda hii haikufundishwa jambo hili na mtu kutoka nje. Mapema katika miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma na wa pwani ya Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Mkulima alibeba mzigo wake kutwa nzima, akafika, akaambiwa uzito ambao hakuwa na njia ya kuuhakiki. Dawa waliyoitafuta ilikuwa nyepesi na ya busara kupita kiasi: waliweka wapimaji wao wenyewe, wenye mizani yao wenyewe, ili mkulima ajue uzito wa pamba yake kabla hajakutana na mnunuzi. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa mapema ukubwa wa dhambi ya kupunja vipimo, kiasi kwamba ipo sura nzima inayoitwa kwa jina la watendao hayo. Wazee wa pamba hawakuishia kwenye kulaani dhambi hiyo, walinunua mizani.

Kutokana na mizani hizo kikakua kitu kikubwa. Vyama vya msingi viliungana, na mwaka 1955 kikasimama Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, kilichojulikana kwa herufi zake za VFCU, chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake. Katika muda mfupi kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika, chenye vinu vyake cha kuchambulia pamba. Yapasa kukumbuka kuwa mkulima aliyekwenda kwenye mkutano wa chama chake cha msingi kuuliza bei na makato alikuwa akijifunza kujitawala kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa. TANU ilipata katika mikutano hiyo watu waliokwisha kuzoea kusimama na kuhoji.

Hatusemi kuwa ushirika ulikuwa wa malaika. Ulikua haraka, ukapata makarani wengi na wezi wa kutosha, hata mwaka 1966 Serikali ikaunda kamati maalumu ya kuuchunguza. Ugonjwa ulikuwapo. Lakini matibabu yaliyofuata yalikuwa ya kumzika mgonjwa. Mwaka 1972, katika mpango uliopewa jina zuri la Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya ziliondolewa, na kazi zake zikapewa watumishi wa mikoa na wilaya. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na pamba ikawekwa chini ya mamlaka ya Serikali. Matokeo wakulima wanayakumbuka: malipo ya kuchelewa, pamba iliyolala maghalani, na mahali pa kulalamikia pasipokuwapo. Ilibidi zitungwe sheria mpya mwaka 1982 ili vyombo vyote viwili virudi, na Serikali za Mitaa zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alisema waziwazi, katika mahojiano na jarida moja la nje, kuwa lau angeanza upya, kuvunja Serikali za Mitaa na ushirika ni mambo ambayo asingeyafanya. Kiongozi wa kiasi chake kutamka hivyo akiwa bado Ikulu ni jambo ambalo watendaji wetu wa leo wangelisoma mara mbili.

Wakati ofisi zikihangaika na marekebisho hayo, wafugaji wa Shinyanga na Tabora walikwisha kuanza lao. Kati ya 1981 na 1982 sungusungu walijitokeza kupambana na wizi wa ng'ombe na mauaji, wakaenea hadi kwetu. Chama kiliwaunga mkono kabla sheria haijawatambua. Sheria ilikuja mwaka 1989. Usalama ulirudi katika vijiji vingi, na hilo halikanushiki. Halikanushiki pia kuwa palipokosekana mtu wa kuwahoji, mijeledi ilianguka migongoni mwa wasio na hatia, na vikongwe walisingiziwa uchawi. Kwa hiyo tunapodai nguvu kwa vikundi vya wananchi hatudai kikundi kiwe juu ya sheria. Aliyechaguliwa na kijiji ahojiwe na kijiji, na penye jinai ipo Mahakama.

Sasa tuje ziwani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mialo yetu ina vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo kila mvuvi anavijua kwa jina la BMU, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inavitambua. Fikra yake ni sahihi. Hakuna boti ya doria inayoweza kulinda kila ghuba na kila mwamba wa Ziwa hili. Anayejua nani anavuta kokoro usiku na nani ameficha timba chini ya dagaa ni mkazi wa mwalo. Maadamu ndiye ajuaye, ndiye apewe ulinzi.

Lakini tazama ilivyokuwa katika mialo mingi. Kamati inaagizwa kuandika takwimu, kusimamia usafi, kuwafichua wavuvi haramu ambao ni jirani na shemeji zao, na mahali pengine kukusanya ushuru. Ushuru unapanda kivuko kwenda wilayani. Kinachorudi mwaloni, kama kinarudi, mvuvi hakisomewi. Choo cha mwalo kimebomoka, chanja za kuanikia dagaa ni za kubahatisha, mama anayeanika samaki wake mchangani analipa vilevile. Operesheni ya kupambana na uvuvi haramu inapokuja, kama ile ya mwaka 2018, kamati haishauriwi, inalaumiwa. Mjumbe wa kamati anakuwa adui wa wavuvi kwa kuwa anatumwa na ofisi, na mtuhumiwa wa ofisi kwa kuwa anaishi na wavuvi. Mtu mwenye akili timamu atagombea nafasi hiyo kwa sababu gani? Ataigombea ama mzalendo wa ajabu, ama mwenye lake.

Majirani zetu wa Uganda walifika mwisho wa njia hiyo. Vikundi vyao vya mialo vilituhumiwa kwa rushwa, vikasimamishwa mwaka 2015, na mwaka 2017 Ziwa likakabidhiwa wanajeshi. Wapo wanaosema sangara waliongezeka. Wapo pia wavuvi waliopigwa na kuchomewa mitumbwi, na manung'uniko yao hayakukoma. Tunaliheshimu jeshi kwa kazi yake, ila kulinda vifaranga vya samaki dhidi ya mwenye ziwa ni kazi isiyo na mwisho: siku askari atakapoondoka, kokoro litatolewa darini.

Kuna habari nyingine ya Ziwa ambayo ni vigumu kuiandika. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichotengenezwa kubeba abiria 101, kiliondoka Bugolora siku ya gulio kuelekea Ukara kikiwa na abiria zaidi ya maradufu ya hao. Kilipinduka karibu kabisa na gati. Walikufa watu zaidi ya 220. Waliookolewa hawakufika 50. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, bila kungoja amri ya mtu. Yamesemwa mengi kuhusu nahodha na kuhusu matengenezo, na vyombo vinavyohusika vilichukua hatua. Sisi tunauliza jambo dogo. Gatini palikuwa na watu wazima, wenye macho, waliowaona wenzao wakipanda na magunia yao. Je, alikuwapo hata mmoja mwenye mamlaka, kwa niaba ya wakazi, ya kunyanyua mkono na kusema kivuko hiki hakiondoki? Kamati ya mwalo iliyoaminiwa kumkamata mvuvi mwenye wavu mbaya haikuaminiwa kuhesabu abiria. Tunatoa rai kwamba kila gati la visiwani liwe na wakaguzi wawili waliochaguliwa na mkutano wa kijiji, mmoja wao mwanamke, wenye haki katika sheria ndogo ya halmashauri ya kukizuia chombo kilichozidisha. Rai hii haihitaji wizara mpya.

Chombo cha kuwachagua tunacho. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inaupa mkutano wa kijiji, wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, na unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi yasomwe. Ni vijiji vingapi vinatimiza? Mwananchi yeyote wa kanda hii anaweza kujibu kwa kijiji chake, na aghalabu jibu halipendezi. Mtendaji akiwa na hesabu zisizosomeka, mkutano huahirishwa kwa sababu ya mvua, kisha kwa sababu ya mavuno, kisha kwa sababu akidi haikutimia.

Na hapa Chama kijisemee ukweli. Katika uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa Novemba 2019, na tena wa Novemba 2024, Chama Cha Mapinduzi kilichukua takriban asilimia 99 ya uenyekiti wa vijiji. Mwaka 2019 wapinzani wengi walienguliwa au walijitoa, na viti vingi vikapatikana bila kura kupigwa. Wengine katika safu zetu waliona hiyo ni neema. Kada aliyekulia katika mafunzo ya Mwongozo wa TANU wa 1971, ambao ibara yake ya 15 inamkataza kiongozi majivuno na dharau kwa watu, hawezi kuliona hivyo. Mwenyekiti asiyepigiwa kura hana mtu wa kumwogopa kijijini. Anamwogopa aliyempa nafasi. Maadamu viti karibu vyote ni vyetu, kila mkutano usioitishwa na kila shilingi isiyosomwa ni yetu pia, na hatuna wa kumsukumia.

Wala ndugu zetu wa visiwani wasidhani lawama inavuka maji upande mmoja. Ukara ni kisiwa ambacho watu wake walijua kumlisha ng'ombe ndani na kuirudisha mbolea shambani kabla bwana shamba wa kwanza hajashuka mtumbwini. Watu wa namna hiyo hawawezi kusema kuwa hawajui kusimamia lao. Lakini mara ngapi kamati ya mwalo imechaguliwa kwa kufuata jicho la tajiri mwenye vyombo vingi, kwa sababu wavuvi wanaomvulia wana madeni kwake? Kura ya mdeni mbele ya mdai wake, kwa kunyoosha mkono, si kura. Sanduku na karatasi vinatosha kulimaliza hilo, na hata debe la samli lenye tundu lafaa.

Robo ya mwaka ijayo mikutano ya vijiji itapaswa kukutana tena. Wakurugenzi wa halmashauri zenye visiwa waanze na vile vya mbali zaidi: tarehe ibandikwe mwaloni na sokoni wiki mbili kabla, mhasibu apande kivuko akiwa na karatasi za mapato na matumizi za kijiji na za mwalo, na zisomwe kwa sauti mbele ya mama waanika dagaa, si mbele ya kamati peke yake. Gharama yake ni nauli ya mtu mmoja, kwenda na kurudi.