Machozi Katika Kiriba

Zaburi 56:8, 1 Samweli 21:10-15

Huenda umewahi kusikia msibani kwamba Warumi wa kale walikinga machozi yao katika vichupa vya kioo wakavizika pamoja na marehemu, na kwamba hiyo ndiyo chupa inayotajwa katika Zaburi ya 56. Ni mahubiri matamu, lakini si kweli. Vichupa vile hupatikana kwa wingi makaburini, ila vilikuwa vya manukato na mafuta. Mafundi wa Shamu na Palestina ndio waliogundua, karne ya kwanza kabla ya Kristo, namna ya kupuliza kioo kwa mrija. Mchanga na magadi ya Misri viliyeyushwa tanuruni, fundi akapuliza, kichupa kikatokea. Kioo kikawa rahisi, hata mtu wa kawaida akakimudu. Kilisafiri mpaka kwetu: Profesa Felix Chami alifukua shanga za kioo za Kirumi huko Rufiji.

Daudi aliishi karibu miaka elfu moja kabla ya mafundi hao. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa chupa ndilo lile lile lililotafsiriwa kiriba katika Zaburi 119:83, yaani mfuko wa ngozi wa msafiri. Sisi wa Uluguru tunaovuka kijito kila bonde hatujui sana thamani ya kiriba. Mtu wa jangwani anaijua. Tone lililomo halimwagwi.

Na Daudi alikuwa analia wapi? Gathi, mikononi mwa Wafilisti. Nani alimpeleka? Alikwenda kwa miguu yake mwenyewe.

Hilo linanikumbusha Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakakimbilia na madumu kuchota petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walifariki, na wengi wakazikwa makaburi ya Kola. Wapo waliosema, Wakristo wakiwamo, "walijitakia." Neno hilo linamnyima mfiwa hata haki ya kulia. Wala sitaki kuanza kumtenga mwenye dumu na mpita njia. Zaburi haimuulizi Daudi alifuata nini Gathi.

Kwa wachungaji wa Morogoro nina ombi moja. Familia zile zikija ibadani mwezi wa Agosti, watajeni marehemu wao kwa majina, bila kuongeza neno.