Fahali wawili ndani ya halmashauri moja

Mara kwa mara tunapofungua habari za nyumbani Tanzania, tunasoma kwamba madiwani wa halmashauri fulani wamemkataa mkurugenzi wao, au kwamba mkurugenzi na mkuu wa wilaya hawaelewani. Kinachofuata tunakijua. Mmoja anahamishwa, mwingine anapewa onyo, na baada ya muda ugomvi unaanza upya na watu wengine. Sisi tunasema tatizo si tabia za watu peke yake, ni mfumo.

Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, zikarudishwa mwaka 1984 kwa sheria za mwaka 1982. Ibara ya 145 na 146 za Katiba zinasema lengo lake ni kuwapa wananchi madaraka. Lakini diwani anachaguliwa na wananchi wa kata yake, na mkurugenzi anateuliwa na Rais. Baraza linapitisha bajeti, ila halina uwezo wa kumteua wala kumfukuza anayeitekeleza. Silaha pekee inayobaki ni kumkataa kikaoni.

Juu ya hapo yupo mkuu wa wilaya, naye mteule wa Rais. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu kuagiza mtu awekwe ndani hadi saa 48 kwa ajili ya usalama. Wapo watumishi waliowahi kuwekwa mahabusu kwa makosa ya kazini tu. Mtumishi wa namna hiyo atafanya kazi kwa moyo gani?

Serikali imejaribu kupima utendaji. Mwaka 2004 ilileta OPRAS, ambapo mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kukubaliana malengo ya mwaka. Kwa wengi ikawa fomu ya kujaza wakati wa kupandishwa daraja. Sasa upo mfumo wa kompyuta, PEPMIS. Ni hatua nzuri, lakini kompyuta haiwezi kumwambia afisa ardhi amtii nani pale wakubwa watatu wanapompa amri tatu.

Anayeumia ni mwananchi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo kisheria ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inakwama. Na sisi wa ughaibuni, tunaotuma fedha kujenga nyumbani, wazee wetu wanaofuatilia vibali wanaambiwa njoo kesho.

Madiwani nao si malaika. Wapo wanaomkataa mkurugenzi kwa sababu amewanyima tenda.

Kwa maoni yetu, wakurugenzi wapatikane kwa ushindani wa wazi, wapewe mikataba yenye malengo, na baraza liwe na sauti katika kuwapima. Madaraka ya saa 48 yasitumike kuadhibu uzembe kazini. Taratibu za nidhamu zipo. Bila hivyo tutaendelea kuhamisha watu na kuuacha ugomvi pale pale.