Maji ya Sagana na Wageni wa Mwea

Ukipita daraja la Sagana wakati wa masika na kuona maji yamegeuka mekundu kwa udongo, umewahi kujiuliza yanakwenda wapi? Mto huo huingia Tana, ukapita bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981, kisha Kamburu. Hapo Kamburu, mahali Mto Thiba unapokutana na Tana, ndipo ilipo Hifadhi ya Mwea, iliyotangazwa rasmi mwaka 1976.

Nchi ile ni kame, ya joto na miiba. Hata hivyo maji yamewavuta viboko, mamba, ndovu na ndege wa kila rangi. Kati ya Oktoba na Aprili, ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia huja Kenya, na penye maji ndipo wanapotua kula na kupumzika.

Kazi ya walinzi wa hifadhi ni ngumu, maana mabwawa yale yalijengwa kwa ajili ya umeme. Maji hupanda na kushuka kufuatana na mvua na mitambo. Yakishuka polepole, tope la ukingoni huwapa ndege wenye miguu mirefu wadudu na konokono. Yakipanda ghafla, viota vya chini huzama.

Tatizo kubwa zaidi hutoka kwetu milimani. Udongo wa mashamba ya Nyeri, Murang'a na Kirinyaga umejaza Masinga upesi kuliko wajenzi walivyokadiria. Bwawa lililojaa udongo huweka akiba ndogo ya maji, na kiangazi kikija, umeme, mkulima na ndege wote huona taabu. Ndiyo sababu mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, unaowasaidia wakulima kuchimba matuta na kupanda nyasi za kuzuia mmomonyoko.

Wazazi, mnapowapeleka watoto Mwea, ondokeni alfajiri, mbebe darubini, na msikaribie viota. Ndege akishtushwa huacha mayai juani. Taka zote zirudi nyumbani. Nawe mwenye shamba kando ya mto, usilime hadi ukingoni. Nyasi utakazoacha hapo zitalisha ng'ombe wako, na mgeni aliyeruka kutoka mbali atakuta maji.