Gunia iko na etiketi, mkojo wa mama hapana

Gunia ya kasiterite yenye kufuata sheria inafungwa etiketi. Mnunuzi anataka kujua imetoka karee gani, shimo gani. Lakini mama mwenye kuosha ile kasiterite akigonjwa mkojo, hakuna mwenye kuuliza ni mikrobe gani.

Huku Minova, mtu akisikia moto wakati wa kukojoa anapita farmasi ya soko, anauziwa sipro nne ao ampisilini. Maumivu yakipungua anaacha, vidonge vyenye kubaki anampa jirani. Na nyumbani vita inaanza: bwana anasema bibi alitembea inje, bibi anasema bwana njo alileta. Wakubwa, tusikilizane. Kisonono iko, sikatai, na munganga njo anaweza kuipima. Lakini mara nyingi mwenye kosa ni E. coli, mikrobe inayokaa katika matumbo ya kila mtu. Watafiti walipima mikojo kwenye lopitali kubwa ya provensi, Bukavu, wakachapisha matokeo 2014: zaidi ya nusu ya mikrobe walizopata ni hiyo. Kushinda kwenye jua bila maji ya kunywa, kubana mkojo juu hakuna choo ya wamama, inaweza kuchangia kuleta ugonjwa. Bibi hakutembea popote.

Mwaka 2019 watafiti wa Bukavu na wa Ubelgiji walitoa matokeo mengine: walisoma jeni za E. coli za Bukavu zenye kushinda dawa nyingi. Kusoma jeni ni kusoma etiketi: unajua mikrobe ni ya ukoo gani, imebeba silaha gani. Walikuta ukoo ST131, wenye kujulikana hata Ulaya na Amerika, na jeni CTX-M-15, inayovunja seftriaksone. Ndiyo, ile sindano tunayoitegemea! Na sipro, ukoo huo mara nyingi hauiogopi. Mikrobe ikipanda kwenye figo, ni homa na mgongo. Kwa mama mwenye mimba, mtoto anaweza kuzaliwa mbele ya wakati.

Siombi mashini ya jeni. Ninaomba kopo safi, frigo, na mtu wa kufikisha mkojo kwenye labo siku ile ile, kwani ukikaa kwenye joto mikrobe zinazaana na jibu linakuwa la uongo. Makoperative na ma-PDG wanakata franga kwa kila gunia: watoe humo, na humo pia choo na maji karibu na pahali pa kuoshea. Na siku ya kugawa hizo franga, wamama waoshaji wakae ndani ya mkutano, si mlangoni.