Heri Kujikwaa Dole



Mwezi huu tumependa tuzungumzie ndimi zetu viwanjani. Watoto wetu wengi hapa Guildford hucheza kandanda msimu wa baridi, nasi wazee husimama kando tukiwapigia kelele kwa Kiswahili. Kwetu, kusema "mkabe yule mweusi" au "mwangalie mzungu nyuma yako" ni kuelekeza tu, sawa na kusema yule mrefu. Hapa ugenini, mtu akitajwa kwa rangi yake watu huuliza: kwa nini rangi, na jezi yake ina namba?

Suala hili limewatatiza hata mabingwa. Mwaka 2020 Edinson Cavani wa Uruguay, aliyekuwa akichezea Manchester United, alimshukuru rafiki yake mtandaoni kwa neno "negrito", ambalo kwao ni la mapenzi. Chama cha soka cha Uingereza kilimfungia mechi tatu na kumtoza faini ya pauni 100,000. Wanazuoni wa lugha wa Uruguay walilalamika, lakini adhabu haikufutwa.

Tusiharakishe kusema kwamba watu hawa ni wepesi wa kuudhika, kwani neno hubeba historia yake. Desemba 2005 mjini Perth, baadhi ya watazamaji wa kriketi waliwatukana wachezaji wa Afrika Kusini, akiwemo Makhaya Ntini, kwa neno "kaffir". Asili yake ni Kiarabu, nalo ndilo "kafiri" tunalolijua sisi. Wareno walilipata kwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, wakawabandika watu weusi. Hatimaye Makaburu wakalifanya tusi la kumvua mtu utu wake. Mtoto wetu akilitamka kwa mzaha mbele ya jirani aliyetoka Durban, jirani huyo hatalikumbuka somo la chuoni. Atakumbuka mijeledi.

Nasi pia tumeonja uchungu huo. Agosti 2006, Dean Jones, mchezaji wa zamani wa Australia, alikuwa akitangaza mechi ya Afrika Kusini na Sri Lanka mjini Colombo. Akidhani hasikiki hewani, alimwita Hashim Amla gaidi. Amla alikuwa amedaka mpira tu. Alichokuwa nacho zaidi ni ndevu na dini yake. Jones aliomba radhi, na kituo cha Ten Sports kikamwachisha kazi. Ni nani kati yetu angekubali udhuru kwamba ule ulikuwa mzaha wa faragha? Basi kipimo tulichompimia Jones ndicho tujipimie sisi.

Hatusemi watoto waache Kiswahili, la hasha. Tunasema mchezaji aitwe kwa jina, kwa namba au kwa nafasi anayocheza. Na mtoto wetu akitukanwa, tusimwambie avumilie: twende kwa refa na kwa viongozi wa klabu. Nicky Winmar, mwenyeji wa asili wa nchi hii, aliinua jezi yake na kuionyesha ngozi yake mbele ya waliomtukana mwaka 1993. Miaka miwili baadaye ligi yao ikaweka kanuni dhidi ya matusi ya rangi.

Sura ya al-Hujurat imetukataza kuitana kwa majina mabaya, na wahenga wetu wakanena: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Tuonane mwezi ujao, inshallah.