Begi Likiachwa Eldoret, Usimtusi Rubani

Unajua kwa nini wanariadha hupanda hadi Kaptagat kufanya mazoezi? Hewa ni nyepesi. Huko juu, zaidi ya mita 2,300, kila pumzi inakupa oksijeni kidogo, na mwili unajifunza kuvumilia. Eliud Kipchoge amefanyia mazoezi huko miaka mingi. Lakini injini ya ndege haifanyi mazoezi. Hewa ikipungua, nguvu zinapungua, basi.

Uwanja wa ndege wa Eldoret uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pale ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 20, na jua la mchana likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Mabawa nayo yanabeba kidogo, kwa hivyo ndege lazima ikimbie zaidi ndipo ipae. Ndiyo maana njia ya kurukia pale ina urefu wa kilomita 3.5. Ukipaa kuelekea mashariki, nchi nayo inapanda kuelekea Kaptagat.

Sasa injini moja izime hapo. Inakuwaje?

Kuna mwendo ambao marubani huuita V1. Injini ikizima kabla ya kuufikia, rubani anafunga breki. Ukishapitwa, anapaa na injini iliyobaki, kwa sababu njia iliyosalia mbele huenda isitoshe kusimama. Viwango vya kuidhinisha ndege vinadai ndege kubwa ya abiria yenye injini mbili iweze kupanda angalau mita 24 kwa kila mita 1,000 ikitumia moja tu.

Hapa ndipo wengi hatujui: njia za kawaida za kuondoka zilizochorwa kwenye ramani huchukulia kwamba injini zote zinafanya kazi. Mpango wa injini moja ni jukumu la kampuni ya ndege yenyewe. Ikate kona wapi, ikwepe mlima gani, ibebe kilo ngapi. Mlima huwezi kuusogeza, na joto huwezi kulizima. Unachoweza kupunguza ni uzito.

Si hadithi za mbali. Aprili 18, 2024, helikopta ya jeshi ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi tu baada ya kupaa. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alikufa pamoja na wanajeshi wengine tisa. Ripoti ya Wizara ya Ulinzi iliyofika bungeni mwaka uliofuata ilitaja hitilafu ya injini. Helikopta si ndege ya abiria, sawa. Lakini somo ni lile lile: ukiwa chini karibu na milima, muda wa kufikiria haupo. Mpango lazima uwe tayari kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka.

Kwa hivyo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ikague mipango hiyo kwa kila kampuni inayoruka kutoka Eldoret, na iwaambie wananchi imekagua. Kampuni nazo ziache kujificha nyuma ya "sababu za kiufundi". Semeni wazi: leo joto limezidi, tunapunguza mizigo.

Na wewe msafiri, ukiambiwa begi lako litakuja na ndege ya jioni, tulia kabla hujakimbilia X kuwachoma. Uliza sababu. Ikiwa ni uzito, shukuru kuna mtu aliyepiga hesabu.