Safari yetu isiishie Unguja

Kila tunapopanga safari ya masomo, jina la kwanza kutajwa ni Unguja. Mimi nasema twende mbele zaidi, hadi Komoro, na tukifika Moroni tusibaki Moroni.

Sababu yangu ni lugha. Shingazidja, Shimwali na Shindzuani ni ndugu za Kiswahili katika kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda na Kipokomo. Msemaji wa Kiswahili hudaka neno hapa na pale, kisha sentensi nzima inampita. Wako wanaoziita Kiswahili kilichopinda. Sisi wa Fizi, ambao "tuko na" yetu imechekwa hata darasani, tungekuwa wa kwanza kukataa jina hilo. Tukikwama, Kifaransa kipo. Ni lugha rasmi kule kama kwetu.

Njia ni ndefu: kwa wa Minembwe, kuteremka mlima hadi Baraka, boti hadi Kigoma, Reli ya Kati mpaka Dar es Salaam, halafu ndege. Ndege ndiyo itakayotuumiza mfukoni. Kwa hiyo afadhali waende watano kwa wiki tatu kuliko thelathini kwa siku nne. Kutoka Chindini, kusini mwa Ngazidja, boti huvuka hadi Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote vya Muungano ule. Bahari hiyo si ya mchezo (sisi wa ziwani tunajua boti iliyojazwa kupita kiasi ni nini), basi siku ya upepo tungoje. Mwali ndipo tukae, tuandike maneno ya wavuvi na ya akina mama sokoni, na madaftari yarudi maktabani kwetu.